Macho Mbele Hadi Kisii

Walimu vijana wa shule yetu wameniomba niandike niliyoyaona katika miaka niliyofundisha mazoezi ya viungo. Sharti walilonipa ni moja tu: nisiwahubirie. Nitajaribu. Mtu aliyetumia maisha yake akipaza sauti uwanjani huona taabu kuongea polepole, hata kwenye karatasi. Habari za vyeo sitaziandika, maana mwalimu wa mazoezi hakuwa na ngazi ya kupanda isipokuwa ile ya kamba iliyoning'inia kwenye mkaratusi.

Nilizaliwa mjini Kisii, ambapo wenyeji wengi bado hupaita Getembe, katika chumba cha nyuma cha duka la baba. Baba yangu, Mzee Juma, alikuwa Mwislamu, na wazee wake walikuja bara pamoja na biashara ya nguo na chumvi. Mama yangu alikuwa Mgusii aliyesilimu alipoolewa. Kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili sebuleni na Ekegusii jikoni, na mimi nilipendelea jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na chakula. Nilikuwa kijana mnene. Kazi yangu dukani ilikuwa kukaa juu ya gunia la chumvi na kuwaambia wateja bei.

Aliyeniondoa kwenye gunia hilo ni Sajini Odera. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa, Mkristo wa kweli kweli, mrefu na mkavu. Wakati wa vita vya kwanza vya Wajerumani alikuwa mbeba machela, akiwatoa majeruhi porini, na baada ya hapo aliletwa kwenye boma la serikali hapo Kisii kuwafundisha askari gwaride. Alikuwa akija dukani kununua sabuni. Siku moja alisimama akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

"Mzee Juma, gunia hili lina chumvi au lina huyu kijana?"

Baba akacheka. Mimi sikucheka.

"Niazime mwanao kila asubuhi," Sajini akasema. "Nitamrudisha dukani kabla wateja hawajaanza kuja. Lakini atarudi nusu."

Asubuhi ya kwanza nilikimbia kuzunguka uwanja wa boma mara moja, nikatapika nyuma ya mlingoti wa bendera mbele ya askari wote. Nikakaa chini nikingoja kutukanwa. Sajini Odera akaja akasimama karibu yangu, akaninyanyua kwa mkono, akasema, "Vizuri. Sasa tumbo ni jepesi. Twende tena." Akakimbia nami, ubavu kwa ubavu, na umri ule aliokuwa nao. Katika muda wote niliofundishwa naye sikumsikia akimwamuru mtu jambo ambalo yeye mwenyewe hakulifanya kwanza. Nilichukua kwake mambo mengi, lakini hilo ndilo nililolishika kuliko yote, na ndilo lililonivunja magoti.

Zoezi alilolipenda zaidi lilikuwa la machela. Alichukua miti miwili mirefu, akaipitisha kwenye magunia yaliyotobolewa pembe, na juu yake akaweka bakuli lililojaa maji. Watu wanne walibeba mabegani, wakapanda na kushuka vilima kwa mwendo wa haraka, na walipochoka wengine wanne waliingia mahali pao bila machela kusimama. Maji yakimwagika, mlianza upya kutoka bomani. "Mgonjwa asijue kwamba bega limebadilishwa," alituambia. Mimi nilidhani ni mateso tu aliyoyaleta kutoka vitani. Ilichukua miaka kabla sijaelewa.

Mwanzoni mwa miaka ya thelathini, shule ya wavulana iliyokuwa kilimani upande wa Sironga, karibu na Nyamira, ilitafuta mtu wa kufundisha mazoezi. Mkuu wa shule alimwuliza Sajini, naye akanitaja mimi. Nikafunga virago vyangu, nikaenda.

Siku yangu ya kwanza mbele ya wanafunzi naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu anajua. Nilitarajia watoto. Nilikuta wanaume. Siku zile mtu aliingia shuleni akiwa amekwisha kuchunga ng'ombe wa nyumbani miaka mingi, na baadhi yao walikuwa na ndevu nyingi kuliko mimi. Wawili walikuwa na wake. Walisimama wamekunja mikono, wakitazama kaptura yangu ya kaki iliyopigwa pasi, na mmoja akasema kwa Ekegusii, akidhani sielewi, "Huyu Mswahili wa dukani amekuja kutuuzia nini?"

Wakaangua kicheko. Nikawajibu kwa Ekegusii hicho hicho kwamba leo ninauza mawe, tena ninayatoa bure. Nikawaambia kila mmoja achukue mawe mawili ya ukubwa wa ngumi, anyooshe mikono kando, atulie. Nikachukua ya kwangu nikanyoosha pia. Tukabaki vile tukitazamana. Jasho lilinitiririka hadi machoni, mabega yakawaka moto, na mkono mmoja mmoja ukaanza kushuka. Wa mwisho kushusha mikono nilikuwa mimi. Sikuwaambia kwamba jioni yake nilishindwa kuinua kijiko.

Tangu siku hiyo wakaniita Mwalimu Pande, kwa ile amri yangu ya "mguu pande". Jina limenifuata hadi leo. Kuna watu wazima huko Nyamira wanaodhani ndilo jina nililopewa na wazazi wangu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vijana wa leo wanaolalamika mpira hauna upepo nawaomba wasome hapa taratibu. Tulikuwa na kamba moja nene ya katani ya kuvutana, magogo ya mkaratusi ya kuinua, fito za kuruka, na mchanga tuliouchota mtoni. Viatu hakuna. Wavulana walikula ugali wa wimbi na ndizi na viazi vitamu, wakakimbia vilima vile kama hawana mapafu ya kuuma. Mwezi wa Ramadhani ulipofika nilikimbia nao nikiwa nimefunga, bila tone la maji. Mwaka wa kwanza walinitazama kwa huruma. Mwaka wa pili nikasikia mvulana mmoja Msabato akimwambia mwenzake asinywe maji mbele ya Mwalimu mpaka zoezi liishe. Hakuna aliyewafundisha hivyo. Walijifunza kwa kuona kwamba mwili unaweza kuambiwa "ngoja", na ukangoja.

Hilo ndilo nililokuwa nikilifundisha, ingawa kwenye ratiba waliandika mazoezi ya viungo. Kijana mwenye nguvu anayezitumia kila zinapomjia ni sawa na ng'ombe aliyeingia shambani. Nguvu ni zake, lakini si yeye anayeziongoza.

Na sasa nifike kwa Mogaka.

Mogaka alikuja shuleni vita vya pili vilipokuwa vinaendelea. Sijapata kufundisha mwili kama ule. Aliruka juu kuliko kimo chake, akivuta kamba upande wake ulishinda, akirusha mkuki tuliutafuta mpaka tukachoka. Lakini hasira zake zilikuwa karibu mno. Ukimkanyaga kwa bahati mbaya alikupiga. Ukimshinda alikupiga. Ukimsifu kwa namna asiyoipenda, ulikaa mbali. Muhula wa kwanza alimvunja mwenzake jino kwa sababu ya ndoo ya maji ya kuoga, na mkuu wa shule akaniita ofisini.

"Mwalimu Rashidi, huyu aende nyumbani kwao."

"Nipe muhula mmoja, bwana," nikamwomba.

"Utamfanya nini katika muhula mmoja ambacho baba yake hakumfanya miaka yote hii?"

Nikasema, "Nitampa bakuli la maji."

Mkuu wa shule alinitazama kama mtu anayefikiri kumpeleka mwalimu nyumbani badala ya mwanafunzi, lakini akakubali.

Nilimweka Mogaka kwenye machela, na sambamba naye, chini ya mti wa pili, nikamweka Nyakundi. Nyakundi alikuwa mfupi kuliko wote shuleni, wa mwisho katika kila mbio, mwenye sauti kubwa isiyofanana na mwili wake. Walipoanza, Mogaka akatupa hatua zake ndefu, machela ikalala upande kama mtumbwi, bakuli likamwagika kabla hawajafika langoni. Nikasema warudi. Wakarudi. Likamwagika tena. Mogaka akatupa mti chini.

"Mwalimu, nibadilishie huyu! Miguu yake ni ya kuku!"

"Miguu yake haitarefuka leo," nikamwambia. "Ya kwako ndiyo inayoweza kufupishwa."

Akanikazia macho. Ngumi zilikuwa zimefungwa, na mimi nilijua wazi kwamba akinipiga nitaanguka. Nikajaza bakuli, nikaingia mwenyewe nyuma, chini ya mti. "Twende."

Ilichukua majuma. Nilimwona akijifunza polepole, akiuma midomo, kupima hatua yake kwa mguu wa mtu mwingine, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake. Nyakundi alianza kuita mwendo kwa ile sauti yake, "Kushoto! Kushoto!", na Mogaka akawa anaifuata. Siku walipopanda kilima chote na kurudi na bakuli limejaa, wenzao walipiga vigelegele kama wanawake wa harusini. Mogaka alilichukua bakuli, akampa Nyakundi anywe kwanza.

Jioni hiyo tulipokuwa tukikunja magunia, alinieleza habari za nyumbani kwao bila mimi kuuliza. Baba yake, Mzee Ombongi, alioa mke wa pili, jina lake Bosibori. Wanawake hao wawili hawakupatana tangu siku ya kwanza. Maneno yakawa mengi, shamba la migomba la mama yake Mogaka likagawanywa, na mwishowe mama akarudi kwao upande wa Nyamache. Mogaka akabaki, maana mtoto wa kiume ni wa boma la baba yake.

Hapa niwafafanulie wasomaji wasiojua Ekegusii. Kwa Abagusii, "tata" ni baba, na neno "baba" maana yake ni mama. Watu wa pwani hucheka wakisikia, lakini ndivyo lilivyo. Sasa mke mwingine wa baba yako naye unapaswa kumwita "baba", kwa heshima. Mogaka hakuwahi kumwita Bosibori hivyo. Alimwita "yule mwanamke".

"Nikila chakula chake kinanikaba," aliniambia. "Ndiyo maana nilikuja shule. Sikuja kwa ajili ya vitabu."

Mzee Ombongi mwenyewe nilimjua. Alipita mara kwa mara kando ya uwanja akienda kwenye baraza, akisimama kutucheka. Siku moja alitukuta kwenye machela.

"Mwalimu, siku hizi maji yanalazwa kitandani?" akauliza. "Wake zetu wanayabeba kwa mtungi, yanafika."

Wavulana wakajizuia kucheka. Mimi nikamjibu kwamba maji haya ni mgonjwa, mzee, yanahitaji kulala. Akatikisa kichwa akaenda zake, akisema serikali imepata namna mpya ya kuwapotezea watu mchana.

Mwaka uliofuata masika yalikuja na hasira. Mvua ya Gusii mnaijua, na mvua ya mawe mnaijua, lakini mwaka ule barabara ya kwenda Kisii iligeuka uji. Asubuhi moja tulikuwa tumejipanga uwanjani baada ya mvua kukatika, niliposikia mtu akiita langoni. Alikuwa Mzee Ombongi, bila kofia, koti lake la blanketi limelowa, anahema.

"Mwalimu, gari la mkuu wa shule liko wapi?"

Mkuu wa shule alikuwa safarini na gari lake. Nikamwambia. Mzee akashika nguzo ya lango kama mtu aliyepigwa.

Bosibori alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu juzi. Mtoto alikuwa amelala amekingama tumboni. Mkunga alijaribu yote aliyoyajua, kisha wakampeleka hadi zahanati ya Nyamira, na dresa, mganga msaidizi wa pale, akawaambia wazi kwamba pasipo daktari wa hospitali ya Kisii watakufa wote wawili. Lori pekee lililokuwapo lilikuwa limezama matopeni hadi ekseli.

"Wanaume wa mji wako?" nikamwuliza.

"Wako kwenye lori wanasukuma. Linazidi kuzama."

Nikageuka nikawatazama wale vijana waliosimama kwenye mistari. Mzee aliona macho yangu yanakoelekea, akainua mkono.

"Hapana, Mwalimu. Hapana. Hawa ni kama watoto wangu, ni wa umri wa wanangu. Watoto wabebe mke wangu akiwa katika uchungu? Haijapata kufanyika. Hiyo ni chinsoni."

Chinsoni ni ile haya kubwa ya Abagusii, inayokaa kati ya wazazi na watoto wao. Kijana aliyetahiriwa hamwoni mama yake, wala mtu wa rika la mama yake, katika hali kama hiyo. Mama yangu alinilea nayo. Nilijua mzee hasemi upuuzi, na nilijua kwamba wavulana wenyewe walikuwa wameanza kutazama chini.

"Mzee," nikamwambia, "wanawake watamfunika na mkunga atatembea kando yake. Hawa vijana hawatamwona. Nimewafundisha kutazama mbele, na nikisema macho mbele, hakuna shingo itakayogeuka kutoka hapa hadi Kisii. Nakuapia."

Maji yalimtiririka usoni na sikujua kama ni ya mvua au machozi.

"Hata huyo wangu?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nilianza kuchagua wabebaji kwa majina, wanne wanne. Nilimruka Mogaka makusudi. Kuna mzigo ambao mwalimu hana haki ya kumtwika mtu. Nilipomtaja Nyakundi, akatoka mstarini akasimama sawa.

"Mwalimu, nina neno. Mimi bila Mogaka maji yatamwagika."

Mogaka alisimama anatazama mbele, taya limekaza, mshipa wa shingo unapiga. Kisha akatoka, akaenda kwenye banda la vifaa, akarudi na ile miti miwili begani. Hakumtazama baba yake.

Tulimchukua Bosibori kutoka zahanatini akiwa amefunikwa shuka na mablanketi hadi kidevuni. Mkunga, mama mmoja mnene mwenye pumzi fupi, alitembea upande mmoja, na shangazi wa Bosibori upande wa pili. Mzee Ombongi akafuata nyuma. Nikasema, "Macho mbele! Mbele, tembea!" na Nyakundi akaanza kuita mwendo.

Vilima vya kutoka Nyamira hadi Kisii mnavijua kwa gari. Vijueni kwa bega siku moja. Njia ya mkato inayopita chini ya kilima cha Manga ilikuwa inateleza kama sabuni. Walitembea kwa vidole vya miguu, wakichimba udongo, na kila nilipoona mabega yanatetemeka niliita "Badilisha!", wanne wengine wakaingia chini ya miti bila mwendo kukatika. Mkunga aliniambia baadaye kwamba mgonjwa hakujua lini bega limebadilishwa. Nikamkumbuka Sajini Odera, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kurudi kwao ziwani, mzee sana.

Tulipofika mtoni, daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Maji yalikuwa mekundu na yana sauti. Mkunga akakaa chini akaanza kusali. Nilikuwa nimewaambia timu ya kuvuta kamba waje na kamba yao. Nikajifunga ncha moja kiunoni, nikaingia kwanza, maana sikuwa na njia nyingine ya kuwaomba wao waingie. Maji yalinifika kifuani, yakanivuta, kamba ikanikaza, nikafika. Wavulana kadhaa wakanifuata kwa kamba hiyo, wenzao wakabaki, wakaishika ng'ambo zote mbili ikakakamaa kama ukuta. Kisha machela ikaingia majini ikiwa juu ya vichwa, Mogaka na Nyakundi mbele. Katikati ya mto Nyakundi alizama hadi mdomoni. Bado aliita, "Kushoto! Kushoto!", akitema maji. Mogaka akachukua uzito wote wa mbele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamnyanyua mwenzake kwa ukosi wa shati. Machela haikuinama.

Baada ya mto kuna kilima kirefu, kile cha mwisho. Hapo ndipo Bosibori alipoanza kuongea. Muda wote alikuwa akiugua tu. Sasa alisema kwa sauti iliyosikika kwa wote, "Niwekeni chini. Nimechoka. Acheni nife hapa, msijisumbue."

Kijana hajui la kumjibu mama katika hali ile, na amri yangu ilikuwa macho mbele. Hata Nyakundi alinyamaza, na mwendo ukaanza kulegea. Nikasikia miguu ikiburuta matopeni. Nikafungua kinywa niwahimize, lakini kuna mtu aliyenitangulia.

"Baba," Mogaka akasema. Alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, kwenye kilima. "Baba, nimekushika. Huanguki."

Nikasikia mama yule analia, kilio tofauti na kile cha uchungu. Nyuma yangu Mzee Ombongi alikohoa akajifuta uso kwa koti. Nyakundi akaanza tena kuita mwendo, na machela ikapanda kile kilima kwa mwendo ambao sijauona tena uwanjani wala kwenye mashindano yoyote.

Tulifika hospitali jua likiwa bado juu. Wauguzi wakatoka mbio wakampokea. Mmoja wao, mama wa kutoka kando ya ziwa, alitazama wavulana waliojaa matope hadi nywele akaniuliza, "Hawa ni askari wa wapi?"

"Ni wanafunzi," nikamwambia.

Nilipogeuka niliwakuta wamejipanga. Hakuna aliyewaambia. Walisimama mistari miwili katika kiwanja cha hospitali, wanatetemeka kwa baridi, mabega yamechubuka, wengine damu inawatoka, na macho bado mbele. Ilibidi niseme "mguu pande" ili wapumzike. Sauti haikutoka. Nikajaribu mara ya pili. Mwishowe Mogaka akasema kwa upole, "Mwalimu, tuamuru tu, tukae." Ndipo nikapata sauti.

Tulingoja chini ya paa la varanda. Mzee Ombongi alivua lile koti lake la blanketi akamfunika Mogaka mabega.

"Umechoka, mwanangu?"

"Sijachoka, Tata."

Alikuwa anasinzia akiwa amekaa wima.

Daktari alimpasua Bosibori jioni hiyo. Mtoto alitoka hai, msichana, na mama akapona, ingawa alikaa hospitali muda mrefu. Wakampa mtoto jina la Kwamboka, ambalo kwa Ekegusii linatokana na kuvuka, kwa ajili ya ule mto.

Msije mkadhani kila kitu kilinyooka baada ya hapo. Mama yake Mogaka hakurudi kwa Mzee Ombongi. Alisema amezoea kwao Nyamache na yeye na Bosibori hawatapika katika boma moja, na nadhani alikuwa na haki yake. Lakini alikuja kumwona mtoto, akamletea ndizi na maziwa mala, na wanawake wale wawili walikaa mchana mzima wakizungumza habari za mimea. Mogaka alimaliza shule bila kumpiga mtu mwingine. Mara moja nilimwona mvulana mgeni akimtukana mbele ya watu, nikamwona Mogaka akifunga ngumi, akavuta pumzi, akaifungua. Ushindi ule hauna kikombe cha kuweka kabatini, na ndio ninaoukumbuka kuliko vikombe vyote.

Vita vilikwisha, na vijana wangu wakatawanyika. Nyakundi ni karani wa baraza, na sauti yake inasikika hadi sokoni. Wengine ni walimu, wengine wamepanda kahawa na pareto. Mogaka alirudi nyumbani kulima, na vijana wa kule wakamchagua awe mkubwa wa timu yao ya kandanda, kwa sababu, waliniambia, ndiye mtu pekee ambaye refa hamwogopi. Nikikutana nao njiani huwa natazama kwanza jinsi mtu anavyosimama. Bado wamenyooka. Najivuna, na umri huu unaniruhusu kusema hivyo waziwazi.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, muhula ulipoanza, Mogaka alikuja shuleni kwetu. Wakati huo tulikuwa tumeanza kupokea wasichana wachache katika madarasa ya chini, na wazee wengi bado walikuwa wanasita. Alikuwa amemshika mkono msichana mwembamba mwenye magoti makubwa, gauni jipya, kichwa kimenyolewa.

"Mwalimu, huyu ni Kwamboka. Tata anasema asome. Baba naye anasema asome."

Nilimwuliza ni baba yupi, wa Kiswahili au wa Ekegusii. Akacheka.

"Wa Ekegusii. Na mimi nina ombi langu mwenyewe. Asikae tu darasani. Mfundishe kukimbia."

Sikuwahi kufundisha msichana. Nilimpeleka uwanjani, nikamwonyesha mstari, nikamweleza kwamba aweke mguu mmoja nyuma, atazame mkaratusi ule kule mwisho, atulie, na asiondoke mpaka nitoe amri. Akaitikia kwa kichwa. Mogaka alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye gwaride.

Nikavuta pumzi ili niamuru. Kwamboka alikwisha kuondoka. Gauni lilipepea, vumbi likainuka, na yule mtoto akaenda zake kuelekea mkaratusi. Mogaka akanigeukia, akingoja nimwite arudi aanze upya, kama nilivyowarudisha yeye na wenzake miaka yote ile.

Nikamwacha akimbie.